Mifupa ya Öhningen: Shahidi wa Gharika au Salamanda?

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa na ndugu wanaoutafuta ukweli, hasa wale waliolelewa katika mafundisho ya Kikristo, limo hili: Je, yamepata kuonekana mabaki ya watu walioangamia katika Gharika ya Nabii Nuhu (amani iwe juu yake)? Na mara nyingine muulizaji huongeza kwamba amesikia kuwa huko Ulaya ilichimbuliwa mifupa ya mtu wa namna hiyo, ikachorwa na kuelezwa katika kitabu.

Jibu letu ni kwamba mifupa hiyo ilichimbuliwa kweli, ikachorwa kweli, na kitabu chake kipo. Wala aliyekiandika hakuwa mwongo wala mjinga. Lakini mifupa ile haikuwa ya mtu. Ni vyema basi msomaji aijue habari hii kwa ukamilifu, maana ndani yake kuna somo kubwa la namna wataalamu wanavyomtambua kiumbe aliyetoweka zamani, asiyebakiza chochote ila mifupa michache ndani ya jiwe. Na anayeijua njia hiyo hatababaishwa tena na kila anayekuja na mfupa mkononi akidai kuwa ni hoja ya dini.

Tabibu wa Zürich

Johann Jakob Scheuchzer alizaliwa Zürich, nchini Uswisi, mwaka 1672. Alikuwa tabibu, mwalimu wa hisabati, na mtu aliyependa mno kupanda milima na kukusanya mawe. Katika zama zake wasomi walikuwa wakibishana juu ya vile vinavyoitwa visukuku, yaani mabaki au alama za viumbe zilizohifadhika katika miamba. Wengine walisema kwamba umbo la samaki au la kombe linaloonekana ndani ya jiwe si mabaki ya kiumbe chochote kilichopata kuishi, bali ni mchezo tu wa maumbile, kama vile wingu linavyoweza kufanana na ngamia. Scheuchzer mwenyewe aliwahi kuelekea upande huo, kisha akauacha baada ya kusoma maandishi ya Mwingereza John Woodward, ambayo aliyafasiri kwa Kilatini mwaka 1704. Tangu hapo akashikilia kwamba visukuku ni viumbe waliopata kuwa hai, na kwamba kilichowafukia ni Gharika ya Nuhu.

Tumpe haki yake. Katika sehemu ya kwanza ya rai yake alikuwa sahihi kabisa, na waliompinga ndio waliokosa. Mwaka 1708 alitoa kijitabu ambamo samaki wenyewe wanasimama kulalamika kwamba wanadamu wanawanyima haki yao ya kuhesabiwa kuwa walipata kuishi. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha mimea iliyohifadhika katika mawe. Ni kazi za mtu mwenye jicho kali.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkera. Gharika, kwa mujibu wa Biblia, ililetwa kwa sababu ya maovu ya wanadamu. Samaki hawakutenda dhambi, wala makombe, wala miti. Iweje basi milima ijae samaki na makombe, na yule mkosaji mwenyewe asionekane popote? Wapinzani wake waliweza kumwuliza swali hilo wakati wowote, naye hakuwa na la kujibu isipokuwa pingili mbili nyeusi za uti wa mgongo, zilizopatikana karibu na mji wa Altdorf huko Ujerumani, alizoziita za mtu. Msomi mwingine, Baier, alimkanusha palepale akisema kuwa ni za samaki. (Baadaye ilibainika kwamba wote wawili hawakupata: pingili zile zilikuwa za iktiosauri, mnyama mtambaazi wa baharini aliyetoweka.)

Basi ilipofika mwaka 1725, akaletewa kutoka machimbo ya mawe ya chokaa ya Öhningen, upande wa Ujerumani, karibu na Ziwa Konstanz, bamba la jiwe lenye fuvu na mlolongo mrefu wa pingili za uti wa mgongo. Urefu wa yaliyobaki ulikuwa karibu na mita moja. Scheuchzer akaona kwamba alichokitafuta miaka mingi kimewasili. Mwaka 1726 akatangaza habari hiyo kwa ulimwengu, na mabaki hayo akayapa jina la Kilatini, Homo diluvii testis, maana yake “Mtu, shahidi wa Gharika.”

Alichokiona na alichokitaka

Msomaji atauliza: tabibu aliyesomea viungo vya mwili, aliyewahi kuona mifupa ya wanadamu, anawezaje kukosea hivyo?

Tuitazame picha yake. Fuvu lililolala katika jiwe lile ni pana na bapa, lenye ukingo wa mviringo, na kila upande lina uwazi mkubwa. Mtu akiliangalia kwa haraka ataona kichwa cha mviringo chenye matundu mawili ya macho. Chini yake unafuata uti wa mgongo, kama inavyostahili. Mikono haikuonekana. Miguu na sehemu yote ya nyuma haikuwamo katika bamba. Kwa hiyo karibu kila kiungo ambacho kingeweza kumkanusha Scheuchzer, ama kilikuwa kimepotea ama kilikuwa bado kimefunikwa na jiwe.

Hata hivyo yaliyokuwa wazi yalitosha. Fuvu la mwanadamu ni kama kuba, kwa sababu limejengwa kuuhifadhi ubongo mkubwa. Fuvu lile lilikuwa bapa kama sahani, na mahali pa ubongo palikuwa ukanda mwembamba tu katikati ya yale matundu mawili. Mbavu za mwanadamu ni ndefu, zimepinda na kukizunguka kifua. Mbavu za Öhningen zilikuwa vijiti vifupi vilivyochomoza pembeni mwa pingili. Shingo ya mwanadamu ina pingili saba, na pingili za kiunoni ni kubwa kuliko za shingoni, maana mwanadamu husimama wima na uzito wake huelemea chini. Katika jiwe lile pingili zilifanana moja na nyingine kwa urefu wote.

Scheuchzer aliyatazama hayo yote. Tatizo lake halikuwa macho. Alikuwa amekwisha kuamua mapema ni nani anayemsubiri, na mgeni alipobisha hodi akamwita kwa jina hilo kabla ya kumtazama usoni. Katika elimu ya Hadithi, wanazuoni wa Kiislamu hawakuipokea riwaya kwa sababu tu maneno yake yanapendeza au yanaisaidia hoja yao. Walimchunguza kila msimulizi: ni nani, aliishi lini, alikutana na nani, kumbukumbu yake ilikuwaje. Shahidi asiyehojiwa hawakumhesabu kuwa shahidi. Mifupa ya Öhningen ilipewa cheo cha ushahidi bila ya kuhojiwa, na ilikaa katika cheo hicho kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini.

Kambare, mjusi, au nani?

Scheuchzer alifariki mwaka 1733. Mwaka 1758 Johannes Gessner, naye pia mtu wa Zürich, alisema kwamba yule anayeitwa mtu ni samaki, jamaa ya kambare mkubwa wa mito ya Ulaya. Rai hii haikuwa sahihi, lakini ilikuwa hatua njema. Kambare ana kichwa kipana na bapa, na Gessner alikiangalia kichwa kilichopo mbele yake, si kile alichotamani kiwepo. Kisha mwaka 1787 Mholanzi Petrus Camper, bingwa wa kulinganisha viungo vya wanyama, akasema ni mtambaazi wa jamii ya mjusi. Hapo tukasogea karibu zaidi, kwa kuwa sasa tumefika kwa wanyama wenye miguu minne.

Aliyelikata shauri ni Mfaransa Georges Cuvier. Mwaka 1809, akiwa Paris, akitegemea michoro tu, aliandika kwamba huyu si mtu, si samaki wala si mjusi, bali ni salamanda mwenye ukubwa usio wa kawaida.

Hapa yafaa tueleze kidogo, maana msomaji wa Afrika Mashariki yaelekea hajapata kumwona salamanda. Hapatikani kabisa katika nchi zetu. Katika bara zima la Afrika wako kaskazini tu, katika nchi kama Moroko, Algeria na Tunisia. Kwa mbali ungemdhania mjusi, kwa sababu ana mkia mrefu na miguu minne mifupi. Lakini ngozi yake haina magamba. Ni laini na yenye unyevu kama ya chura, na kwa hakika jamaa yake ni chura na si mjusi. Wengi wao hutaga mayai majini, na watoto wao hupumua kwa matamvua kama viluwiluwi. Wataalamu huwaweka salamanda na vyura katika kundi moja la amfibia, yaani wanyama ambao maisha yao hugawanyika baina ya maji na nchi kavu.

Tofauti hii ya mjusi na salamanda, ambayo kwa nje huonekana katika ngozi, huonekana vilevile katika mifupa, na hilo ndilo linalomwezesha mtaalamu kufanya kazi yake wakati ngozi imekwisha kuoza zamani. Fuvu la mjusi huungana na uti wa mgongo kwa kifundo kimoja, la salamanda kwa vifundo viwili. Mjusi wa kawaida ana vidole vitano katika mguu wa mbele, salamanda ana vinne. Shingo ya salamanda ina pingili moja tu. Mbavu zake ni fupi, hazikutani kifuani. Taya lake limepinda kama upinde mpana, na kwenye ukingo wake yamepangwa meno madogo madogo mengi. Alama moja peke yake yaweza kudanganya, kwani kichwa bapa anacho hata kambare. Zikikusanyika nyingi mahali pamoja, nafasi ya kukosea hupungua sana.

Patasi ya Haarlem

Jiwe la Scheuchzer lilikuwa limenunuliwa mwaka 1802 na Martinus van Marum kwa ajili ya Jumba la Makumbusho la Teyler katika mji wa Haarlem, Uholanzi. Mwaka 1811 Cuvier alifika Uholanzi, nchi ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Ufaransa ya Napoleon, kwa shughuli za ukaguzi wa elimu. Akaomba ruhusa alichonge jiwe lile, naye akaruhusiwa.

Tafadhali msomaji azingatie alivyofanya, kwa kuwa hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Cuvier hakuanza kuchonga kisha akaangalia kitakachotokea na kukitafutia maelezo. Kwanza aliweka kando ya jiwe mchoro wa mifupa ya salamanda. Kwa kufanya hivyo alikuwa kama anayesema mbele ya mashahidi: ikiwa nisemayo ni kweli, basi hapa chini ya jiwe, kila upande, utakuwamo mguu mfupi wa mbele, na mwisho wake vidole vinne. Kama ungetokea mkono wa mwanadamu, mfupa mrefu wa begani na vidole vitano, angeaibika hapo hapo. Kama yangetokea mapezi ya samaki, Gessner angepata ushindi kaburini. Patasi ikaanza kazi. Kadiri jiwe lilivyobanduka ndivyo mifupa iliyochorwa ilivyojitokeza, mguu huu na mguu ule, kila mmoja mahali pake. Mkono wa mtu haukuwamo.

Hukumu ya namna hii ni nzito kuliko hukumu ya mtu anayeeleza mambo baada ya kutokea. Yeyote aweza kuyaeleza yaliyopita. Mwenye kutaja kisichoonekana bado, na kukubali kwamba akikosea ataonekana amekosea, huyo ameiweka rai yake kwenye mizani.

Salamanda wa urefu wa mita moja?

Lilibaki jambo moja ambalo mtu mwenye shaka angeweza kulishika. Salamanda wa Ulaya ni mnyama mdogo, wa kiasi cha shubiri moja. Wapi duniani ameonekana salamanda wa urefu wa mita?

Jibu lilitoka Japani. Philipp Franz von Siebold, tabibu Mjerumani, alikuwa amewatumikia Waholanzi katika kituo chao cha biashara cha Dejima, Nagasaki, tangu mwaka 1823. Aliporejea Uholanzi mwaka 1830 alikuja na salamanda aliye hai kutoka mito ya baridi ya milimani, mnyama ambaye jamaa zake waliokua kamili hufikia kiasi cha mita moja na nusu. Kichwa chake ni kipana na bapa, meno yake ni madogo na mengi, mbavu zake ni fupi. Wajapani walikuwa wakimjua tangu zamani. Wataalamu wa Ulaya walimpa jina la kitaalamu katika miaka ile ya 1830. Baadaye, mwaka 1871, akaelezwa na kupewa jina mwenzake wa China. Jamaa yao wa tatu yuko Marekani ya Kaskazini, naye ni mfupi zaidi. Hawa wote ni wa familia moja, na mfu wa Öhningen ni wa familia hiyo hiyo.

Sasa habari za majina. Mwaka 1831 Friedrich Holl alimwita yule wa jiwe kwa jina la Scheuchzer, kwa kumkumbuka aliyemtangaza. Mwaka 1837 Johann Jakob von Tschudi akamwekea jenasi ya peke yake, Andrias, neno la Kiyunani lenye maana ya sanamu ya mtu. Kwa hiyo jina lake kamili likawa Andrias scheuchzeri, na ndilo mpaka leo. Katika kazi hiyo hiyo Tschudi alimpa salamanda hai wa Japani jenasi nyingine kabisa. Lakini kadiri mifupa ilivyolinganishwa, tofauti baina ya wafu na walio hai zikaonekana kuwa ndogo mno kuweza kuwatenga katika jenasi mbili. Wapo walioziona ndogo hata wakataka kuwahesabu wote kuwa spishi moja. Mwaka 1958 Frank Westphal aliwaunganisha chini ya jina la yule wa mawe. Ndiyo maana salamanda wakubwa wa Japani na China, waliomo mitoni hivi leo, ambao hakuna mtu aliyepata kuwadhania wanadamu, hubeba katika majina yao kumbukumbu ya rai ya tabibu wa Zürich.

Visukuku vya Andrias scheuchzeri vimepatikana mahali pengine pia, katika Ujerumani, Austria na Ucheki. Wa Öhningen aliishi kiasi cha miaka milioni 12 au 13 iliyopita. Pamoja naye katika mawe yale wamo samaki, wadudu na majani ya miti mengi sana, ambayo Oswald Heer wa Uswisi aliyachunguza katika karne ya 19. Majani laini na mabawa ya wadudu hayahifadhiki katika maji ya mafuriko yenye vurugu. Huhifadhika pale yanapotua polepole katika tope laini chini ya maji yaliyotulia. Machimbo yale yalikuwa ziwa.

Nasi pia yafaa tujue mpaka wa elimu hii. Mfupa huweza kutufikisha kwenye familia na jenasi kwa uhakika mkubwa, lakini katika kutenga spishi moja na jirani yake huwa mzito wa kusema. Mfano upo kwa hao hao salamanda wa China. Kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa spishi moja. Mwaka 2019 wataalamu walitoa matokeo ya kuchunguza chembe za urithi katika mizoga ya zamani iliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, wakaonyesha kuwa wako wa namna tatu au zaidi, na mmoja wao akarudishiwa jina alilopewa mwaka 1924, Andrias sligoi. Basi ikiwa wanyama wenye nyama na ngozi waliweza kuwachanganya wataalamu hivyo, anayeainisha spishi kwa vipande vya taya hana budi kusema kwa tahadhari, na wengi wao husema hivyo.

Na Gharika je?

Muulizaji wetu huenda sasa akasema: ikiwa mtu wa Gharika ni salamanda, basi Gharika nayo imebatilika.

Hapana. Jiwe la Öhningen halikupata kuthibitisha Gharika, kwa hiyo kuondoka kwake hakuondoi kitu. Kilichobatilika ni dai la Scheuchzer kwamba maji yaliifunika dunia yote na kuacha visukuku katika milima ya Uswisi na Ujerumani. Dai hilo halitokani na Qur'an Tukufu. Kama tunavyoifahamu Qur'an, Nabii Nuhu alitumwa kwa kaumu yake, akawaonya kaumu yake, na walioghariki ni wale waliomkadhibisha baada ya kuonywa. Kuadhibiwa kwa mataifa ambayo hayakufikiwa na mjumbe si jambo linalopatana na uadilifu wa Mwenyezi Mungu uliotajwa humo mara nyingi. Mwenye kuutazama msiba ule kuwa ni wa kaumu moja katika nchi yake hana haja ya kutafuta mifupa ya watu wake kando ya Ziwa Konstanz, wala hafadhaiki asipoiona.

Scheuchzer alikuwa na haja hiyo, na haja ndiyo iliyomponza. Hata hivyo alitenda jambo moja la kushukuriwa. Alichapisha picha ya jiwe lake kama lilivyo, bila ya kuliongezea mkono wala mguu, naye jiwe hakulificha. Kwa picha hiyo hiyo Cuvier aliweza kumsahihisha kutoka Paris kabla ya kuliona jiwe lenyewe. Jiwe liko Haarlem hadi leo katika jumba lile lile, na miguu miwili ya mbele iliyofichuliwa mwaka 1811 inaonekana wazi pande zote mbili za uti wa mgongo.